Mshipa Umejibana, Umesongeka au Umeziba?

Wapo wenzetu wanaodai kwamba istilahi za tiba ni za madaktari, nasi wanafunzi wa fasihi tushughulike na tamathali zetu. Sikubaliani nao. Hapa Machakos, kama kwingineko nchini, mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni huenda akaupoteza mguu huo ilhali amemeza viuavijasumu vyote alivyoandikiwa, asijue ni kwa nini.

Dawa husafiri kwa damu. Sukari inapozidi mwilini kwa miaka mingi hudhuru neva, hata mtu asihisi mwiba uliomchoma. Aidha, huchangia kuipunguza njia ya damu iendayo miguuni. Damu ikifika kidondani haba, dawa nayo hufika haba, kadhalika chembe nyeupe zinazopambana na bakteria. Dawa yaweza kuwa ndiyo hasa, na bakteria wasife. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa, pamoja na dawa, huhitaji kuondolewa nyama iliyokufa au kupanuliwa mishipa.

Sasa tuitazame lugha. "Mshipa" kwetu ni njia ya damu, ni neva, na ni ngiri pia (watunzi wa kamusi wanalijua hili vyema). Aambiwaye ana ugonjwa wa mshipa aelewe upi? Isitoshe, tumezoea kusema "umeziba" kwa kila hali, ingawa vitenzi tunavyo. Mshipa hujibana kwa muda, mathalani kwa baridi au kwa nikotini ya sigara, kisha hulegea. Husongeka mafuta yanapogandamana ukutani mwake miaka nenda miaka rudi. Huziba damu isipopita kabisa. Aliyeambiwa umeziba huona mambo yamekwisha. Aliyeambiwa unajibana, au umesongeka, ana sababu ya kuitupa sigara leo na kuyachunguza nyayo zake kila jioni.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, bibi wa Ukambani mara nyingi huyapata maelezo ya daktari kwa Kikamba cha mjukuu anayefasiri papo kwa papo, naye mjukuu hana neno la kushika. Tasnifu moja ya istilahi iandikwe wodini, wauguzi na wajukuu hao wakiwa ndio wasaili wetu wa kwanza.