Mteja wa pedi za mbwa yupo, ila usimuuzie ya ghali kwanza

Wapo watakaosoma kichwa cha habari na kucheka. Sawa, chekeni kwanza, halafu tuongee hela.

Mbwa kwetu tumemzoea wa bandani, kazi yake kulinda geti. Wengi bado ni hivyo. Lakini pita Mikocheni, Masaki, Upanga, hata Sinza kwenye zile fleti, utakuta watu wanafuga vimbwa vidogo ndani: Maltese, Shih Tzu, Chihuahua, na machotara wao. Fleti haina ua. Mwenye mbwa anatoka saa 12 asubuhi kuwahi foleni, anarudi giza limeingia. Kimbwa cha miezi miwili hakibani mkojo zaidi ya saa mbili hivi. Hesabu inayotumika sana ni saa moja kwa kila mwezi wa umri. Na daktari wa mifugo keshamwambia asikitembeze nje wanakopita mbwa wengine mpaka chanjo zikamilike, kwenye wiki ya 16 hivi, kwa sababu ya parvo. Sasa kikojoe wapi?

Kinakojoa kwenye zulia. Harufu inatoka mpaka kwenye korido, jirani analalamika, mwenye nyumba anasema mbwa atoke au na wewe utoke naye. Huyo ndiye mteja wako. Hanunui urembo, ananunua amani na mwenye nyumba.

Msimamo wangu ni huu, na najua baadhi ya wauzaji hawataupenda: mfanyabiashara mdogo asianze na pedi zenye picha ya mbwa kwenye pakiti. Anza na vitu ambavyo tayari vipo sokoni kwa kazi nyingine, na umwambie mteja ukweli kwamba vinafanya kazi ileile.

Ukweli wenyewe uko hivi. Pedi ya mbwa ya kutupa ina kitambaa laini juu, katikati pamba ya karatasi yenye chembe zinazogeuka jeli zikilowa, na chini nailoni isiyopitisha maji. Sasa nenda duka la vifaa tiba, ulizia zile pedi za kutandika chini ya mgonjwa au mzee asiyeweza kuamka kitandani. Fungua moja uitazame. Ni mpango uleule. Mara nyingi ni kubwa zaidi, sentimeta 60 kwa 90, kwa hiyo kimbwa kinakojoa upande huu asubuhi na upande ule mchana. Moja inafanya kazi ya mbili. Onyo moja tu: mteja asiikate katikati ili apate mbili. Ukiikata, jeli inamwagika na mbwa anailamba. Kama ni kubwa kuliko nafasi, akunje kingo.

Tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano, weka za mtaa wako. Kimbwa kinatumia pedi nne ndogo kwa siku. Pakiti ya 20 inakwisha siku ya tano, kwa mwezi ni pakiti sita. Tufanye pakiti ni 15,000, mwezi umekula 90,000. Zile za wagonjwa zikitumika mbili kwa siku ni 60 kwa mwezi. Pakiti ya 10 tufanye ni 8,000, mteja anatoa 48,000. Mteja wa 90,000 atanunua mwezi wa kwanza, wa pili atarudi kwenye gazeti. Mteja wa 48,000 ana nafasi ya kubaki na wewe.

Na gazeti lisidharauliwe, ndilo mshindani wako mkubwa. Ni bure au karibu na bure. Ubaya wake halinyonyi, mkojo unapita chini, kimbwa kinakanyaga na kutembeza nyumba nzima. Sema hivyo mbele ya mteja, atakuelewa kwa sababu kashayaona.

Lakini faida ninayoipenda mimi iko kwa fundi cherehani. Pedi ya kufua. Juu kitambaa cha pamba laini, katikati tabaka mbili za taulo (taulo za mitumba zinafaa sana, zimeshafuliwa mara nyingi kwa hiyo zinanyonya vizuri kuliko mpya), chini ule mpira wa kujifungulia ambao akina mama huenda nao hospitali. Fundi apige uzi pembeni tu. Akipita katikati kwa urembo, kila tundu la sindano ni mlango wa mkojo. Kabla hujauza hata moja, mimina kikombe cha maji juu yake, iweke juu ya karatasi kavu nusu saa, uangalie. Karatasi ikilowa, rudi kwa fundi.

Kitambaa, taulo, mpira na ufundi tufanye ni 7,000, unauza 12,000. Mteja anahitaji nne: moja imetandikwa, moja imelowekwa, moja kwenye kamba, moja ya akiba. Analipa 48,000 mara moja na wewe umeshika 20,000 yako. Kuna atakayesema, "Si atapotea huyo, hanunui tena?" Hapotei. Masika yakiingia, Machi mpaka Mei, pedi za kitambaa hazikauki na ghorofani hakuna pa kuanika. Hapo anarudi kununua za kutupa. Akisafiri, anarudi. Mpira ukichanika, anarudi. Na kwa kuwa ulimwokolea hela, anakuja na jirani yake mwenye mbwa.

Mwelekeze kufua vizuri: maji na sabuni ya kawaida, asiweke dawa ya kulainisha nguo kwa sababu taulo linaacha kunyonya. Na hili liandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi unayompa: JIKI ISIMWAGWE JUU YA MKOJO. Mkojo na jiki vikikutana vinatoa hewa inayochoma macho na kifua, na kwenye bafu dogo la fleti si mchezo. Sakafu ioshwe kwanza kwa maji na sabuni. Siki kidogo inasaidia kukata harufu, ila siki nayo isichanganywe na jiki hata siku moja.

Kwa nini nasisitiza karatasi? Kwa sababu anayelipa siye anayesafisha. Anayesafisha ni dada wa nyumbani. Ndiye anayebaki na mbwa mchana, ndiye anayesemwa zulia likinuka, na mara nyingi hakuulizwa kama anataka kuishi na mbwa. Wengine dini yao inawataka waoshe kwa namna maalumu wakiguswa na mate ya mbwa. Bosi akinunua pedi mbovu, anayeumia ni yeye. Mimi nikiwa muuzaji ningeongea na dada kabla ya bosi: pedi ikae kona gani, abadilishe saa ngapi, glavu zipo? Weka jozi ya glavu kwenye mzigo, bei yake ndogo, na dada atakukumbuka. Pedi zikibaki mbili, ndiye atakayemwambia bosi apige simu kwako.

Nyasi bandia, zile za kukata kwa mita, wengine wanaziuza na trei chini. Zinafaa kwa dume linaloinua mguu, ukilisimamishia kitu cha kulenga. Ila zinataka kuoshwa kila siku bila kukosa. Fleti yenye shida ya maji usiiuzie, utapata lawama.

Kimbwa kinachotafuna kila kitu usikiuzie za kutupa kabisa. Kikimeza vipande vinaweza kuziba utumbo, na mteja atakupigia akiwa kwa daktari. Huyo muuzie ya kitambaa. Na usimwahidi mtu kwamba akitandika tu mbwa ataelewa. Inabidi akipeleke pale kila kinapoamka na kila kinapokula, akipongeze kikipatia, na aache kipande chenye harufu kidogo ya mkojo wake ili kijue ni hapa. Mazulia ya mlangoni yaondolewe kwa muda, mbwa hajui tofauti yake na pedi.

Jambo la tangazo. Ukiandika "pedi zipo" utapata simu za watu wengine kabisa. Andika "pedi za mkojo za mbwa wa ndani", weka picha na vipimo.

Na ukishaposti hivyo, jiandae. Atatokea mtu: "Watoto wa kike shuleni hawana pedi, nyie mnauzia mbwa!" Mimi hasira hiyo naielewa na wala siioni ya kijinga. Lakini haipaswi kumwangukia mama mwenye mtaji wa laki moja anayelisha watoto watatu kwa kushonesha taulo za mitumba. Usimjibu kwa matusi, usifute posti.

Mwisho, mtaji. Usijaze chumba. Pakiti tano za wagonjwa, pedi nane za kitambaa, yaani seti mbili, jozi kadhaa za glavu. Peleka picha kwa daktari wa mifugo aliye karibu na zile fleti, mwombe ruhusa ya kuacha namba yako kaunta. Wenye vimbwa vipya wanapita pale kwa chanjo kila baada ya wiki tatu au nne, na wengi wanafika wakiwa tayari wameshagombana na mwenye nyumba.