Ni Nani Aliye Huru Katika Soko la Kazi?

Ndugu watumishi wenzetu,

Yako maneno ambayo wenye mali huyasema mara kwa mara, na baadhi yetu huyapokea kana kwamba ni aya: ya kuwa ijara ni bei tu, kama bei ya mahindi, ya kuwa soko likiachwa huru litampa kila mtu haki yake, na ya kuwa chama cha wafanyakazi ni mkono wa mkorofi uliotiwa katika mizani. Maneno haya ni matamu masikioni. Yafaa tuyapime.

Kwanza, kazi si mahindi. Mwenye mahindi, bei isipompendeza, huyarudisha ghalani akangoja mwezi ujao. Mwenye kuuza nguvu zake hana ghala. Asipoiuza siku ya leo, jua likizama imekwisha potea, na watoto wataka kula. Tajiri aweza kungoja juma zima. Mtumishi hawezi kungoja hata siku mbili. Hapo hapana mapatano ya watu wawili walio huru. Njaa ndiyo ikatayo bei. Lugha yetu yenyewe yashuhudia: kibarua asili yake ni barua ndogo, yaani kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili akapokee ijara yake. Jina la karatasi likawa jina la mtu.

Pili, walisifuo soko huru hawakuliacha huru siku ilipowafaa kulifunga. Mwaka 1921 walowezi wa Kenya walipatana kupunguza ijara ya Waafrika kwa theluthi moja. Hawakungoja soko liseme. Waliketi pamoja wakakata shauri. Zamani hizo kodi ilimlazimu mtu kutafuta fedha, na kipande kilimfunga kwa tajiri wake, kwani kuacha kazi bila ruhusa kulimpeleka mahakamani. Muuzaji amefungwa miguu, mnunuzi ameungana na wanunuzi wenzake: je, hilo ndilo soko huru? Hata Adam Smith, ambaye wenye mali humtaja kuwa mwalimu wao, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1776 ya kuwa matajiri siku zote wamo katika mapatano ya kimya ya kutopandisha ijara.

Aliyesimama kulipinga punguzo lile alikuwa mtumishi kama sisi. Harry Thuku alikuwa mtu wa simu katika ofisi ya Hazina mjini Nairobi. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliokwenda kudai afunguliwe ulipigwa risasi, wakafa watu wasiopungua 21. Yeye akapelekwa Kismayu. Katika walowezi waliopatana hakukamatwa hata mmoja. Mapatano ya matajiri yaliitwa busara. Mapatano ya watumishi yakaitwa fitina.

Tatu, tutazame Mombasa. Tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 wa bandari, wa reli, wa hoteli na wa majumbani waliacha kazi, wakakaa hivyo karibu majuma mawili, wakikutana katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Baadaye baraza liliwekwa chini ya hakimu Thacker, na maelfu wakaongezewa ijara. Basi tuulize: ikiwa ijara ya kwanza ndiyo iliyokuwa bei ya haki, fedha ya nyongeza ilitoka wapi? Ilikuwako tangu zamani. Ila hakuna aliyeweza kuiomba peke yake akapewa. Wala bandari haikufa kwa nyongeza ile; hata leo meli zatia nanga. Lakini Chege Kibachia, kiongozi wa chama chao, alikamatwa mwezi Agosti mwaka ule ule, akahamishiwa Kabarnet.

Hatusemi ya kuwa chama hakikosi. Chama kidaicho kupita pato la kazi humchinja ng'ombe kwa tamaa ya maziwa, na kiongozi alaye michango ya wanachama ni adui aliye ndani ya nyumba. Lakini dawa ya hayo ni hesabu zilizo wazi, za chama na za tajiri pia. Mtu havunji nyumba kwa sababu ya panya.

Linalotuudhi zaidi ni kumsikia mtumishi mwenzetu, mwenye meza na pensheni, akisema: "Mambo ya chama ni ya mahamali." Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mshahara wake nao hukatwa mezani, na asiyekuwa na mtu mezani hupewa makombo. Leo hamali ajibiwa ya kuwa soko ndilo lisemalo. Kesho karani atajibiwa jibu lilo hilo, naye atageuka kumtafuta hamali asimame pamoja naye.

Basi lipeni ada, hudhurieni mikutano, ulizeni hesabu, wala msimdharau abebaye mizigo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mtumishi Mwenzenu