Ndege za Lamu Ziseme Kiswahili

Aendaye Lamu kwa ndege hatui Lamu yenyewe. Hutua kisiwa cha Manda, kisha huvuka kwa mashua. Mashirika madogo yanayorusha ndege huko kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hutegemea sana watalii, na hilo halina lawama. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, na wageni wake ni riziki ya wengi. Lililo na lawama ni kudhani kwamba mtalii ndiye abiria wa pekee.

Humo ndegeni mna pia mwalimu arejeaye kazini, mwanafunzi aliyefunga chuo na mgonjwa atokaye kutibiwa Nairobi. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, magari yalipolazimika kupita barabara ya Garsen kwa misafara ya polisi, wenye uwezo waliona heri ndege.

Katika safari zangu kadhaa za huko, maelezo ya usalama yalitolewa kwa Kiingereza peke yake. Ndege ya aina ya Cessna Caravan hubeba abiria wapatao 12, na kwa kawaida haina mhudumu. Rubani mwenyewe hugeuka akasema maneno machache, kisha akawasha injini. Siku moja bibi mmoja aliyeketi kando yangu aliniuliza, "Mwanangu, asema nini?" Nilimfasiria. Je, asipokuwapo wa kufasiri?

Wako watakaosema kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya anga. Ni kweli, lakini ni ya rubani na mnara. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, humtaka rubani wa safari za kimataifa afikie angalau ngazi ya nne kati ya sita za umilisi wa lugha itumikayo redioni. Sharti hilo halimhusu abiria. Yeye hakufanyiwa mtihani wowote alipokata tiketi.

Tusidhani haya ni mambo madogo. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyokuwa imetekwa nyara iliishiwa na mafuta ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Baadhi yao walikuwa wamejaza hewa jaketi za kuokolea wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, jaketi ziliwaelea nazo hadi darini, wakashindwa kutoka. Sisemi kwamba lugha ndiyo iliyowaua. Nasema kwamba sentensi moja, "Usijaze jaketi hewa kabla hujatoka nje," yafaa imfikie kila mtu katika lugha aielewayo.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi wa huduma haki ya kupewa habari anazozihitaji, na ya kulindwa usalama wake.

Wala tusisingizie uhaba wa istilahi. Mkanda, mlango wa dharura na jaketi ya kuokolea ni maneno tunayo. Hata rubani alikuwa mwongoza vyombo vya bahari kabla hajapanda angani. Ndege ndiyo iliyoazima kwa jahazi. Itakuwa ajabu basi abiria wa Lamu, mwenye Kiamu, Kipate au Kitikuu chake, asemezwe kigeni juu ya bahari yake.

Mamlaka ya usafiri wa ndege nchini iyatake mashirika yote yatoe maelezo hayo kwa lugha zote mbili, kwa kinywa na kwa kadi iliyo mbele ya kiti. Nanyi walimu, wapeni wanafunzi wenu kadi hiyo waitafsiri darasani, kisha tafsiri iliyo bora ipelekwe kwa wenye ndege. Zoezi hilo litawafunza tafsiri, na huenda siku moja likaokoa mtu.