Mzee Asiyefika Dirishani

Msimu mmoja wa kilimo nilikuwa Ifakara na wanafunzi wa udaktari waliokuwa katika mafunzo ya vitendo. Asubuhi moja tulifuatana na mhudumu wa afya ya jamii kuwatembelea wagonjwa walio majumbani katika kijiji kimoja cha Bonde la Kilombero. Nyumba nyingi zilikuwa zimefungwa. Wenye nguvu walikuwa wamehamia mashambani, wakilala kwenye madungu ili kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe pori, na wasingerejea hadi mavuno. Katika nyumba moja tulimkuta bibi aliyepita miaka sabini, ameketi juu ya mkeka, mkono wake wa kulia umelala mapajani kama si wake. Aliyetukaribisha alikuwa mjukuu wake, mtoto wa darasa la nne.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni," alijibu kwa maneno ya kuvutavuta. "Mnisamehe siinuki, mguu umekataa."

Mguu ulikuwa umekataa kwa siku tisa. Kadi yake ilionyesha kwamba alikuwa mgonjwa wa shinikizo la damu aliyehudhuria kliniki bila kukosa mwaka mzima, kisha mahudhurio yakakatika. Vidonge vilikuwa vimeisha wiki sita kabla ya kiharusi. Binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki, alikuwa shambani, mwendo wa saa nyingi kwa miguu. Mtoto alimpikia bibi uji, akamwogesha, akamgeuza, kisha akaenda shule akiwa amechelewa. Tulipouliza kuhusu gharama, bibi alitufungulia pindo la kanga akatuonyesha kitambulisho chake cha matibabu bila malipo. Alikuwa amekitunza vizuri kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba ile.

Naandika makala haya kwa sababu ya kitambulisho kile. Kwa kila kipimo cha maandishi, bibi yule alikuwa mtu aliyehudumiwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inampa msamaha wa gharama kwa kuwa ametimiza miaka 60 na hana uwezo. Katika vituo vingi vya afya nchini limetengwa dirisha la wazee, na ukutani pamebandikwa tangazo la kuwataka wengine wampishe mzee atangulie. Hayo yote ni mema, na yamepatikana kwa juhudi za watu wengi. Lakini dirisha humngoja mtu anayeweza kulifikia. Mzee aliyeko nyumbani, asiye na wa kumpeleka, hatuna utaratibu wa kumfuata, na hoja yangu ni kwamba kumfuata huko nyumbani ndiyo kazi kubwa zaidi iliyobaki katika huduma ya wazee wa bonde hili.

Tunawajua, tumewahesabu

Hatuwezi kusingizia kutowajua. Ni sehemu chache barani Afrika ambako kaya zimehesabiwa na kufuatiliwa kwa muda mrefu kama hapa. Maabara ya Waswisi iliyofunguliwa Ifakara mwaka 1957 ndiyo iliyokua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Tangu mwaka 1996 wadadisi wa taasisi hiyo wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Kilombero na Ulanga, wakiandika nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki. Kutokana na daftari hizo, vijiji hivi vimechangia maarifa ya dunia nzima kuhusu malaria na vyandarua.

Wazee nao walifikiwa. Katika miaka ya 2006 na 2007, Ifakara ilikuwa miongoni mwa maeneo manane ya Afrika na Asia yaliyoshiriki utafiti wa pamoja na Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya watu wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Watu 5,131 wa bonde hili waliketi wakajibu maswali: unatembeaje, unaonaje, unalalaje, unaumwa wapi, unakumbuka vizuri? Majibu yao yalifanana na ya wenzao wa Ghana, Vietnam na kwingineko. Afya ilishuka kadiri umri ulivyopanda, na wanawake walieleza hali duni kuliko wanaume. Wengi wa wanawake hao ndio leo wanaolea wajukuu wakati wazazi wa watoto wako shambani, Dar es Salaam au kwenye miwa ya Kidatu.

Utafiti ulifanya kazi yake. Swali ni letu sisi wa huduma: baada ya mdadisi kufunga daftari lake na kuondoka, nani alirudi kwenye mlango uleule akiwa na kipima presha?

Somo tulilokwisha kujifunza hapahapa

Wapo wenzangu wanaosema kwamba huduma ya kumfuata mgonjwa sugu miaka nenda rudi haiwezekani katika mazingira yetu. Nawaomba waangalie kliniki ya magonjwa sugu katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ambayo tangu katikati ya miaka ya 2000 inawahudumia na kuwafuatilia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI kutoka Kilombero na Ulanga. Huko mgonjwa ana miadi, na asipotokea huulizwa yuko wapi. Mtu aliyeanza dawa akiwa na miaka 45 katika siku za mwanzo za kliniki ile sasa amevuka sitini. Watu ambao tuliwaza watakufa vijana wamekuwa wazee mbele ya macho yetu, na wengine sasa wana presha na kisukari kama wazee wenzao.

Tazama tofauti. Katika huduma ya virusi vya UKIMWI, mgonjwa aliyetulia hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja, hata sita, ili asikatishe matibabu kwa sababu ya safari au kazi. Jirani yake mwenye presha, ambaye naye atameza vidonge maisha yake yote, mara nyingi huambiwa arudi baada ya siku 30. Akirudi huenda akaambiwa dawa zimeisha, akanunue. Mwili hautofautishi dawa iliyokatizwa kwa sababu moja na iliyokatizwa kwa sababu nyingine. Presha isiyodhibitiwa huendelea kuharibu mishipa kimyakimya, na mgonjwa hujisikia mzima hadi siku mdomo unapopinda.

Pendekezo langu la kwanza, basi, ni dogo na halihitaji jengo. Kabla familia hazijahamia mashambani, kila mzee mwenye presha au kisukari ambaye hali yake imetulia apewe dawa za msimu mzima. Kalenda ya kilimo cha mpunga inajulikana kwa kila mtu bondeni, na waganga wafawidhi wanaweza kuiweka mezani wanapoagiza dawa. Najua bohari haijazi kila kilichoombwa. Lakini vidonge ambavyo mzee angevifuata mara tatu ni vilevile anavyoweza kupewa mara moja. Kinachobadilika ni wakati wa kuviagiza, na safari mbili ambazo hatalazimika kuzifunga.

Mhudumu anayepiga hodi

Pendekezo la pili linahusu wahudumu wa afya ya jamii. Kati ya mwaka 2011 na 2014, vijiji vya Kilombero, Ulanga na Rufiji vilipata wahudumu waliojulikana kwa jina la WAJA, waliofunzwa kwa miezi tisa na kulipwa. Kazi yao ililenga hasa mama na mtoto, na ilikuwa haki iwe hivyo. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kitaifa wenye lengo la kuwa na wahudumu 137,294 katika vitongoji na mitaa. Kwa mara ya kwanza nchi nzima inakusudia kuwa na mtu anayelipwa ili apige hodi. Naomba mtu huyo asipite mlango wa mzee kwa sababu tu hakuna mjamzito wala mtoto mchanga ndani.

Hahitaji kuwa daktari. Anahitaji orodha ya wazee wa kitongoji chake, kipima presha kinachofanya kazi, na maswali machache ya kuuliza kila mwezi. Dawa zimebaki za siku ngapi? Tangu nilipokuja mara ya mwisho, umeanguka? Unaweza kuinuka kitini bila kushika kitu? Unaniona vizuri nikisimama mlangoni? Jana ulikula nini, na nani alikupikia? Kila jibu lina mlango wake. Aliyeanguka mara moja yuko katika hatari ya kuanguka tena na kuvunjika nyonga, hivyo atafutiwe mkongojo na aondolewe vizingiti vya njiani. Asiyeona huenda ana mtoto wa jicho, ambao huondolewa kwa upasuaji mfupi. Asiyekula huenda ana huzuni kuliko maradhi.

Swali la mwisho ni la kumbukumbu, na hapa nawaomba wahudumu wawe na ujasiri. Utafiti uliofanyika katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta kwamba zaidi ya watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu na kubadili tabia. Sina sababu ya kudhani kwamba wazee wetu wameepushwa. Mzee anayetoka usiku na kutangatanga, anayezungumza na waliokufa, anayemtuhumu mkwewe kwamba amemwibia, ni mgonjwa. Bonde hili lina historia ya wazee kutuhumiwa uchawi na kupelekwa kunyolewa ili wasafishwe, na katika mikoa mingine ya nchi wapo waliouawa kwa tuhuma za namna hiyo. Mhudumu akisema mapema, mbele ya familia, "Huyu ni mgonjwa, na ugonjwa wake una jina," huenda akawa ameokoa maisha.

Na familia je?

Najua pingamizi litakalotolewa. Mzee ni wa wanawe, si wa serikali. Tukianza kuwafuata wazee majumbani tutawafundisha watoto kutelekeza wazazi. Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito, kwa kuwa linatokana na jambo jema. Hata hivyo, binti wa bibi yule hakumtelekeza mama yake. Alikwenda kulima mpunga ambao mama yake angeula mwaka mzima. Asingekwenda, wangelala njaa wote watatu. Alipopata habari alirudi usiku uleule, na maneno yake ya kwanza kwangu yalikuwa: "Daktari, ningejua dawa zimeisha ningerudi." Hakukuwa na mtu wa kumjulisha. Mama mwenyewe hakutaka kumsumbua mwanawe katikati ya palizi, na mtoto wa darasa la nne hakujua kwamba vidonge vile vyeupe vilikuwa na maana kubwa kiasi hicho.

Tunasema penye wazee hapaharibiki neno. Basi na tuwalinde hao wanaolinda neno. Huduma ya nyumbani haiondoi wajibu wa mtoto kwa mzazi, humsaidia autimize. Zanzibar ilipoanza, Aprili 2016, kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, hakuna aliyeacha kumwita mama yake mama. Mlezi naye ahesabiwe: aulizwe kama analala, mgongo unamuumaje, nani humpokea. Mlezi akiwa mtoto wa shule, mwalimu wake ajulishwe, asichapwe kwa kuchelewa.

Kwa wewe msomaji mwenye mzee nyumbani, nina maneno matatu. Vidonge vya presha haviachwi kwa sababu mtu anajisikia nafuu. Nafuu hiyo inatokana na vidonge. Hesabu vilivyobaki kabla ya kwenda shambani, na umwachie jirani mmoja namba ya simu na tarehe ya kliniki. Ukiona mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno yanakwama, usingoje kuche: mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama hali inaonekana kutulia.

Bibi yule tulimpeleka hospitali. Baada ya miezi kadhaa ya mazoezi alisimama kwa mkongojo, ingawa mkono haukurudi. Mwaka uliofuata binti yake hakulima shamba la mbali. Alikodi robo ekari karibu na nyumba, na mavuno yakawa machache. Hiyo ndiyo bei ya vidonge vya wiki sita: mkono wa mtu mmoja, chakula cha watu watatu, na siku za shule za mtoto ambazo hakuna aliyezihesabu. Dawa za msimu na hodi moja kwa mwezi visingefikia hata sehemu ndogo ya gharama hiyo.

Mwandishi ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani.