Nakala kwa Mwajiri ni Sehemu ya Haki



Mfanyakazi akiachishwa kazi, awe wa shambani huku Mollo au wa dukani Sumbawanga mjini, kwanza huiona njaa ya watoto wake. Karatasi huzikumbuka baadaye. Lakini katika karatasi hizo ndimo haki yake iwezamo kupotea.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa nafasi anayelalamikia kuachishwa kazi kufikisha shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Muda wake ni siku 30. Madai mengine ni siku 60. Hata hivyo, kujaza Fomu Na. 1 hakutoshi. Mlalamikaji hana budi kuithibitishia Tume kwamba nakala imemfikia mwajiri.

Wengine huliona sharti hilo kuwa usumbufu. Sivyo. Nikodemo aliwauliza Mafarisayo wenzake kama ni halali kumtia mtu hatiani kabla hajasikilizwa (Yoh. 7:51). Haki tunayoidai kwa mnyonge haiwezi kujengwa kwa kumficha mwenzake mashtaka.

Basi nakala ipelekwe mkononi, na mpokeaji aandike jina, cheo, mahali, tarehe na saa, kisha atie sahihi. Ikitumwa kwa rejista ya posta, stakabadhi itunzwe. Mpokeaji akikataa kutia sahihi, pasiwe na ugomvi: aliyeipeleka aandike maelezo ya alivyoifikisha, ayatie sahihi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nanyi waajiri, kukataa karatasi hakufuti shauri. Asiyefika kwenye usuluhishi aweza kutolewa uamuzi bila yeye kuwepo. Neno hili linatuhusu hata sisi wa Kanisa, wenye shule, zahanati na wafanyakazi wa parokia. Tutahubirije ujira wa haki huku karani wetu ameagizwa asipokee barua?

Tunaziomba kamati za Haki na Amani za parokia zichague watu wanaojua kusoma na kuandika vizuri, wamsindikize mlalamikaji anapopeleka nakala na kuwa mashahidi wake. Siku 30 hupita upesi, hasa kwa asiye na nauli ya kwenda mjini. Amani tunayotakiana kila Dominika na ianzie mlangoni pa mwajiri, kwa karatasi iliyotolewa kwa heshima na kupokelewa kwa heshima.