Donzi za Kitambo Zinapewa Injini za Kichizi, Na Sheria ya Marekani Inaangalia Kando

Kama unafuata zile page za kuunda ndai, hizi video zimekupitia. Kaboti kembamba ka miaka ya 60, rangi inawaka, msee anafungua kifuniko cha nyuma na ndani kuna V8 imebanwa kama ng'ombe kwa banda la kuku. Anawasha. Mngurumo ni wa nganya ya Rongai ikitoka stage. Huko chini kwa maoni ni moto tupu.

Nyingi ya hizo ni Donzi, futi 16 ama 18. Kampuni ilianzishwa Florida 1964 na Don Aronow, buda mwenye alikuwa ashaanzisha Formula, na baadaye akaleta Magnum na Cigarette. (Ndiye yule alipigwa risasi akiwa kwa gari Miami, Februari 1987. Hiyo stori tuiache kando leo.) Siri ya Donzi ni chini yake: umbo la V kali lenye linakata wimbi badala ya kuligonga.

Sasa hapa ndio wasee wanaanza kubeti vibaya. Wanadhani hii ni Subaru ya maji.

Anza na hesabu. Kwa boti ya aina hii, spidi haipandi sawa na nguvu. Ukitoa injini ya farasi 200 uweke ya 400, uzito ukibaki ule ule, boti ya maili 60 kwa saa inafika kama 85, si 120. Na uzito haubaki ule ule, juu injini kubwa ni nzito na inakaa nyuma kabisa. Hapo pua inainuka, na ukifungulia yote boti inaanza kuyumba kushoto kulia, kushoto kulia, kila yumbo ikizidi ya kwanza. Kwa barabara ungekanyaga breki. Boti haina breki.

Ndio maana mafundi wazee wanaanza na propela. Chukua mizunguko 5,000 kwa dakika, gia ya 1.5, propela ya kusonga inchi 23 kila mzunguko. Kwa karatasi hiyo ni karibu maili 72 kwa saa. Toa asilimia 10 yenye hupotelea kwa maji, unabaki na 65. Propela ikiwa ndefu sana, injini inakohoa na haifiki mizunguko yake. Ikiwa fupi, inapitiliza na kujiumiza. Kubadilisha hiyo ni doo kidogo ukilinganisha na injini mpya, lakini haina sauti, so haiendi viral.

Halafu kuna hii ya spea za gari, na hapa sicheki. Stata na altaneta za gari hutoa cheche. Kwa gari ni sawa, hewa inapita huko chini. Kwa boti, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia pale chini ya injini kama unakungoja. Za boti zimezibwa ndio cheche isitoke. Hata kabureta ni tofauti: ya boti ikifurika, mafuta yanarudi ndani ya injini badala ya kumwagika nje. Na kabla ya kuwasha, feni ya kutoa mvuke hupewa dakika 4 nzima. Umeona nani kwa hizo video akingoja dakika 4?

Kamshafti ya mbio pia ina noma yake. Egzosi ya hizi boti huchanganywa na maji ya kupoza, na kamshafti kali, injini ikizubaa, inaweza kuvuta hayo maji kurudi kwa silinda. Hapo umeua injini ukiwa umepark.

Sasa sheria. Tangu Aprili 1, 2021, Marekani inataka dereva wa boti ya chini ya futi 26 ajifunge kamba ya kuzima injini akiwa anakimbiza. Ukirushwa nje, kamba inachomoka, injini inakufa, boti hairudi kukukata na propela. Poa sana. Lakini boti ikiwa iliundwa kabla ya 2020 na haikuja na hiyo swichi, hakuna mtu anakulazimisha kuiweka.

Soma hapo tena. Donzi ya 1967 yenye imewekwa farasi 400 mwaka jana, machoni mwa hiyo sheria bado ni mzee wa 1967. Mbao zenye zilifichwa ndani ya faiba enzi hizo huenda zishaoza, injini ni mpya, na dereva anakaa hapo mkono mmoja kwa usukani, mwingine umeshika simu.

Swichi yenyewe na kamba yake hata si bei. Ukiona video ingine ya hizi, angalia kiuno ama mkono wa dereva kabla usikize injini.