NYUMBA NA AFYA: Damu Isiyoganda



Kuna ugonjwa ambao katika nyumba zetu mara nyingi hujulikana siku ya tohara. Ngariba amekwisha kazi yake, wageni wamekwisha kula na kuaga, na mtoto angali akitoka damu. Usiku huingia, hukucha, nayo haijakatika. Ugonjwa huo waitwa hemofilia. Waislamu wa kale waliujua: tabibu Al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika habari za wanaume wa kijiji kimoja ambao mmoja wao akijeruhiwa hutoka damu mpaka afe.

Leo dawa ipo. Damu ya mtoto huyu imepungukiwa na kigandishi kimoja, mara nyingi kile kiitwacho faktari ya nane, naye hutiliwa kilichopungua kwa sindano ya mshipa. Lakini nusu ya faktari hiyo huondoka mwilini kwa muda wa saa 8 hata 12, basi atakaye kukinga damu isitoke humlazimu kuchomwa kiasi cha mara 3 kwa juma, umri wake wote. Na tumfikirie mama akaaye kisiwani, hospitali yenye dawa iko mji wa mbali: mashua, basi, foleni, kulala kwa jamaa, kisha kurudi; na goti la mtoto limejaa damu tangu jana. Damu ikaayo ndani ya kiungo hukila kiungo, na mwisho mtoto huchechemea. Mzazi aachaye dawa hiyo mara nyingi haachi kwa kukosa mapenzi. Amechoshwa na njia na nauli.

Kwa rai yetu, sindano na ihamie nyumbani. Nchi nyingine zimefanya hivyo tangu miaka ya 1970. Faktari huja unga katika kichupa pamoja na maji yake, na mzazi, au mtoto mwenyewe akikua, hufundishwa na muuguzi kuichanganya na kuutafuta mshipa. Siku za mwanzo yatisha, hatukatai. Lakini mkono uwezao kushona kofia ya vito hautashindwa na mshipa.

Tena, tangu mwaka 2017 imeruhusiwa Marekani dawa iitwayo emisizumabu, ipigwayo chini ya ngozi mara moja kwa juma, au kwa majuma 2, au hata 4. Hiyo ni ya waliopungukiwa na faktari ya nane tu, nayo hukinga. Damu ikisha kuanza kutoka, faktari yatakiwa pale pale. Bei yake ni kubwa mno. Shirikisho la Hemofilia la Dunia, lililoanzishwa mwaka 1963, hutoa dawa hizi kwa msaada katika nchi zenye haja, nazo hupitia kliniki zinazotambuliwa. Mtoto asiyeandikishwa kliniki hana fungu.

Hapa twawaambia akina baba neno. Kwa kuwa ugonjwa hupitia upande wa mama, wako wamtupiao mke lawama na mzigo wote. Hiyo ni dhulma. Kiasi cha theluthi ya wagonjwa hawana mwenzao hata mmoja katika ukoo. Kilicho juu ya baba ni kuuliza kabla ya tohara habari za wajomba wa mtoto, na akisikia kuna aliyetoka damu bila kukoma, ngariba asiitwe mpaka damu ipimwe.

Tumeulizwa pia habari za kijana aliyebaleghe na saumu ya Ramadhani. Baraza la Fikihi lililokutana Jidda mwaka 1997 liliamua kuwa sindano isiyo ya chakula haifunguzi. Mwenye wasiwasi na aipige sindano yake ya kinga baada ya daku, kabla ya alfajiri. Ama damu ikianza kutoka mchana, asingoje magharibi.